Mbwa Katibiwa, Bado Mnyonge: Maswali Kuhusu Kumrudisha kwa Daktari

Haya ndiyo maswali ambayo sisi madaktari wa mifugo tunaulizwa zaidi kwa simu na WhatsApp baada ya mbwa kutoka kliniki, au baada ya daktari kumtibu nyumbani. Karibu yote yanazunguka jambo moja: nisubiri au nirudi? Tumejibu kwa kufuata magonjwa tunayokutana nayo sana Afrika Mashariki: homa ya kupe, parvo (kirusi kinachowaharisha damu watoto wa mbwa), sumu, vidonda vya kung'atwa, mishono ya upasuaji. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mbwa wako. Yanakusaidia kujua saa ya kumtafuta.

Nisubiri siku ngapi kabla ya kusema dawa haijafanya kazi?

Hakuna idadi moja, kwa sababu kila ugonjwa una mwendo wake. Mbwa aliyechomwa sindano ya babesia, vimelea vya homa ya kupe, anatakiwa kuonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili. Upele unachukua wiki. Kwa hiyo kabla daktari hajafunga mkoba wake, muulize: "Leo Jumatatu. Kufikia Jumatano jioni awe anafanya nini?" Mwombe akuandikie. Jumatano ikifika na alichosema hakijaonekana, unarudi, huna haja ya kujishauri tena. Mbwa wengi wanaotufikia wamechelewa wana watu wanaowapenda sana. Kilichokosekana ni tarehe ya kuacha kusubiri.

Kisha linganisha leo na jana kwa vitu vilevile: amekula nini, ametapika mara ngapi, kinyesi kikoje, mkojo una rangi gani, anainuka mwenyewe au anainuliwa. Andika. Katika nyumba nyingi mbwa analishwa na mlinzi au dada wa kazi, mwenye mbwa anamwona jioni akitoka kazini. Basi daftari likae kwa huyo anayeshika sufuria ya chakula, kwa kuwa ndiye anayejua kwamba ugali wa jana bado uko kwenye bakuli.

Dalili zipi hazisubiri asubuhi?

Ondoka sasa hivi, hata kama ni usiku na hata kama alitibiwa mchana huohuo, ukiona anapumua kwa shida huku amenyoosha shingo na tumbo linavuta. Fizi zimekuwa nyeupe, za kijivu au za bluu. Ameanguka na hawezi kuinuka. Degedege imepita dakika 5, au imemjia zaidi ya mara moja ndani ya saa 24. Damu haikomi puani, mdomoni au kwenye kidonda. Anajikamua kukojoa na hakitoki kitu. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu naye yumo humu.

Moja linahitaji maneno zaidi, kwa sababu mbwa wa ulinzi hapa kwetu wengi ni wakubwa wenye vifua virefu: German Shepherd, Rottweiler na machotara wao. Mbwa wa namna hiyo akianza kujikaza kutapika bila kutoa chochote isipokuwa mate, akizunguka bila kutulia, na tumbo likivimba na kuwa gumu, usidhani ni kuvimbiwa tu. Tumbo la chakula linaweza kuwa limejaa hewa na kujipinda, na damu haipiti tena. Anaweza kufa ndani ya saa chache. Usimpe mafuta ya kula, soda wala maziwa ili "yamteremshe." Mpigie daktari ukiwa njiani, umweleze hivyohivyo, ili ajiandae kwa upasuaji au akuelekeze mapema penye uwezo huo.

Mbwa wangu ana fizi nyeusi. Nitajuaje kama damu imepungua?

Swali zuri, na mbwa wetu wengi wa kienyeji wako hivyo. Tumia jicho. Vuta kope la chini taratibu kwa kidole gumba utazame nyama ya ndani. Inatakiwa iwe ya waridi. Ikiwa nyeupe, damu imepungua. Ikiwa ya njano, ini limeelemewa au chembe za damu zinavunjwa kwa wingi, na hiyo ni safari ya leo. Kwa jike unaweza pia kutazama utando wa ndani wa sehemu zake za uzazi. Fanya mchana, karibu na mlango au dirisha. Chini ya taa ya umeme yenye mwanga wa njano unaweza kudanganyika. Ukiwa na mbwa mwingine mzima hapo nyumbani, mfananishe naye papo hapo.

Kama ana hata kipande kidogo cha ufizi kisicho cheusi, kibonyeze kwa kidole hadi kiwe cheupe, kisha achia. Rangi inatakiwa irudi kabla ya sekunde 2. Ikichelewa, mzunguko wa damu ni dhaifu au mwili umekauka maji. Mzoeze mbwa wako kutazamwa hivi akiwa mzima, ili ujue ya kawaida yake ikoje.

Pua yake ni kavu na ya moto. Ana homa?

Pua haipimi homa. Hata mbwa mzima aliyelala juani ana pua kavu. Nunua kipimajoto cha kidijitali duka la dawa, kiwe cha mbwa peke yake, kipake mafuta ya mgando, mwenzio ashike kichwa, wewe ingiza ncha taratibu kwenye njia ya haja kubwa usubiri mlio. Mbwa mzima ana nyuzi joto 38 hadi 39.2 hivi, kwa hiyo usimlinganishe na joto la binadamu ukashtuka bure.

Akiwa ametulia kivulini na anasoma 39.5 au zaidi siku mbili baada ya kuanza dawa, rudi. Ikifika 40, piga simu leo. Ikifika 41 ni dharura. Na wengi hawajui hili: mbwa mgonjwa aliyeshuka chini ya 37.5, hasa mtoto, yuko pabaya vilevile. Usifurahi ukadhani homa imekata.

Kuhusu kuhema, Dar es Salaam au Mombasa mchana mbwa yeyote anahema ulimi nje. Hesabu pumzi usiku akiwa amelala: tazama kifua kikipanda mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Zikizidi 30 kwa dakika akiwa usingizini, na ukirudia saa moja baadaye bado ziko hivyo, daktari aambiwe.

Daktari, alichomwa sindano ya homa ya kupe jana, leo amekula. Si amepona?

Amepata nafuu. Kupona bado, na hapa ndipo tunapopoteza mbwa ambao wangeishi.

Babesia huvunja chembe nyekundu za damu. Sindano inaua vimelea, lakini damu iliyokwisha kuvunjika lazima itengenezwe upya na uboho wa mifupa. Uboho unahitaji siku 3 hadi 5 ndipo chembe mpya zianze kuonekana, na wiki kadhaa kufidia zote. Kwa hiyo usitishike fizi zikibaki hafifu siku mbili tatu huku mbwa anakula na kutembea. Tishika zikizidi kuwa nyeupe, zikiwa njano, akikataa chakula baada ya kuwa amekianza, akipepesuka, au akianza kupumua haraka bila joto la kumfanya aheme.

Mkojo ndio shahidi wetu mkubwa katika ugonjwa huu. Mbwa mwenye babesia kali hukojoa mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, na usipoutafuta hutauona kamwe, kwa kuwa dume anakojoa kwenye ua na jike anakojoa kwenye nyasi. Mtoe asubuhi na kamba, apite kwenye saruji, au mkingie kwa kopo jeupe. Piga picha kila asubuhi. Picha tatu zilizopangwa pamoja zinaonyesha mara moja kama unasafika au la. Baada ya saa 48 tangu sindano, kama bado ni mweusi vilevile, mrudishe siku hiyo. Asipokojoa kabisa tangu jana, mrudishe saa hiyo. Figo zinaweza kuwa zimeathirika.

Aina ya vimelea iliyoko Afrika kusini mwa Sahara, Babesia rossi, ni kali kuliko zile zinazojulikana Ulaya. Inaweza kuacha madhara kwenye figo, mapafu au ubongo hata baada ya vimelea kufa. Ndiyo maana daktari anataka kuona damu tena baada ya wiki hivi. Si kwamba anatafuta fedha ya pili. Anataka kujua kama damu inapanda, na kama hakuna ugonjwa mwingine wa kupe uliojificha nyuma ya ule wa kwanza.

Amepewa doksisaiklini ya siku 28. Siku ya tano yuko mzima kabisa. Niendelee?

Endelea hadi siku ya 28. Dawa hiyo hutolewa kwa erlikia, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia, wale wanaopanda kuta za banda. Mbwa huchangamka ndani ya siku moja hadi tatu, lakini vimelea bado vimo. Ukikatisha, ugonjwa unaweza kujificha kwa miezi au miaka kisha ukarudi ukiwa umeshika uboho, na hatua hiyo matibabu yake mara nyingi hayafui dafu.

Mpe kidonge ndani ya tonge la ugali wenye mchuzi wa dagaa au kipande cha ini, kisha anywe maji au apewe tonge jingine juu yake. Kikinasa kooni kinaunguza. Usimpe pamoja na maziwa, yanazuia dawa kuingia mwilini. Rudi kabla ya tarehe kama damu inatoka puani, kama kuna madoa mekundu au ya zambarau kwenye ngozi ya tumbo, kama macho yamekuwa na ukungu, au kama siku ya tatu imefika na hakuna badiliko lolote.

Hali haijabadilika. Naweza kununua sindano ileile duka la dawa za mifugo nimrudie mwenyewe?

Tafadhali usifanye hivyo. Diminazini, dawa ya njano inayouzwa sana kwa ajili ya ng'ombe, ina nafasi ndogo mno kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru mbwa. Ikizidi au ikirudiwa karibukaribu, siku moja au mbili baadaye mbwa anaweza kuanza kupepesuka, kukakamaa, kupata degedege, na akafa kwa dawa wakati vimelea vilikwisha kufa. Kichupa kimepimwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Kosa dogo la bomba la sindano kwa mbwa wa kilo 12 ni kosa kubwa.

Imidokabu, sindano nyingine ya babesia, hurudiwa, kwa kawaida baada ya wiki mbili, lakini kwa mpango wa daktari. Akidondosha mate mengi au kutapika muda mfupi baada ya kuchomwa imidokabu, hilo ni tokeo linalojulikana na mara nyingi hupita lenyewe. Mwambie daktari hata hivyo, awamu ijayo anaweza kumpa dawa ya kuzuia hali hiyo.

Mtoto wa mbwa ana parvo, anawekewa dripu na kurudi nyumbani. Nijue nini?

Kwanza, kwamba kurudi kila siku ndiyo tiba yenyewe. Hakuna dawa iliyozoeleka hapa kwetu inayoua kirusi cha parvo. Kinachomwokoa mtoto ni maji na chumvi zinazorudishwa mwilini, dawa ya kuzuia kutapika, na antibayotiki ya kuzuia bakteria wa utumbo wasiingie kwenye damu, wakati mwili wenyewe unapigana. Ukiruka siku moja kwa sababu leo ameinua kichwa, unaweza kumkuta kesho amelala ubavu.

Siku tatu nne za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Akizivuka anapata nafasi nzuri. Katika siku hizo, usiku nyumbani, rudi au piga simu bila kungoja zamu ya kesho kama anatapika hata maji, kama kinyesi ni damu tupu, kama miguu na masikio yamepoa, kama ukivuta ngozi ya shingo inabaki imesimama, au kama haitiki unapomwita. Maji ya ORS kwa kijiko yanafaa kwa mtoto ambaye hatapiki tena. Kwa anayetapika hayatoshi, na kumlazimisha kwa bomba kunaweza kuyapeleka kwenye mapafu.

Ukimbeba kwenda kliniki, mwache ndani ya gari au bajaji, ingia wewe kwanza useme "ni wa parvo." Sakafu ya chumba cha kusubiria ina watoto wengine. Na usilete mtoto mwingine asiyemaliza chanjo kwenye ua huohuo. Kirusi hiki hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka.

Mbwa mkubwa aliharisha, akatibiwa, sasa siku mbili hajapata choo.

Kama anakula kidogo, hatapiki na tumbo ni laini, tulia. Utumbo ulibaki mtupu na unahitaji muda kujaa. Ikiingia siku ya tatu, au anajikamua, au ameanza kutapika, mrudishe.

Na kama bado anaharisha?

Mtazame mbwa kabla ya kutazama kinyesi. Mkubwa anayekunywa, anayetingisha mkia na kuomba chakula anaweza kusubiri siku mbili tangu dawa ianze, kwa wali laini na kuku wa kuchemshwa bila chumvi, vitunguu wala mifupa, kidogokidogo mara nne kwa siku. Damu, kutapika juu yake, au unyonge hufuta muda huo wote. Kwa watoto wa mbwa, wazee, na jike wenye mimba, usitumie kanuni ya siku mbili.

Anatoa povu mdomoni kila nikimpa kidonge. Ameingiwa na sumu?

Kama ni metronidazoli, dawa inayotolewa kwa kuharisha, ni uchungu wake tu. Ni chungu kupita kiasi na povu hutoka akiitafuna. Ifiche ndani ya nyama bila kuivunja. Akitapika na ukakiona kidonge kizima kwenye matapishi, piga simu uulize kabla ya kurudia. Usijipe ruhusa ya kumpa dozi mbili. Povu linaloambatana na kutetemeka, mboni ndogo, kuharisha au kuyumba ni jambo jingine kabisa, hasa kama alinyunyiziwa dawa ya kupe ya ng'ombe siku hizo. Hapo ni kliniki mara moja, na chupa ya dawa mkononi.

Daktari hapatikani mpaka Jumatatu. Nimpe panadoli au diklofenaki apunguze maumivu?

Hapana. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Panadoli huumiza ini na chembe za damu. Mbwa aliyekauka maji kwa homa ya kupe au kuharisha ndiye anayeumizwa zaidi, na ndiye anayepewa mara nyingi zaidi. Kama ulishampa, usione haya, sema jina, idadi ya vidonge na saa. Daktari anabadili matibabu kwa taarifa hiyo.

Alikula sumu ya panya, akatapishwa, akaonekana mzima. Mbona daktari anataka nirudi?

Kwa sababu sumu nyingi za panya za chengachenga za rangi huzuia damu kuganda, na hazionyeshi kitu mpaka siku 3 hadi 5 baadaye, akiba ya mwili inapoisha. Mbwa anacheza leo, Ijumaa anavuja damu kifuani bila jeraha. Vitamini K hutolewa kwa wiki 3 hadi 4, kisha siku mbili baada ya kidonge cha mwisho damu inapimwa kama inaganda yenyewe. Kipimo hicho cha mwisho ndicho watu wanakiruka. Ukiona kikohozi, uchovu wa ghafla, uvimbe mpya, kuchechemea au fizi kupauka katikati ya muda huo, ni dharura.

Leta pakiti. Zipo sumu za barabarani zisizo na lebo ambazo huua ndani ya saa chache na hazihusiani na vitamini K hata kidogo.

Kidonda cha kung'atwa na mbwa mwenzake kilikuwa tundu dogo tu. Sasa kimevimba.

Rudi leo. Jino la mbwa linatoboa ngozi kidogo na kuchana nyama ya chini sana, kisha tundu linajifunga na usaha unabaki ndani. Uvimbe wa siku ya 2 hadi ya 5, wenye joto na maumivu, unahitaji kupasuliwa na kusafishwa. Vidonge peke yake havifiki. Hali ya hewa ya pwani na nzi wake hufanya kidonda kilichofunikwa na manyoya kupata funza haraka, kwa hiyo nyoa au mwombe daktari anyoe, ukione kila siku.

Kwa mshono wa kutoa kizazi au kuhasi, wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku mbili za mwanzo ni kawaida. Damu inayodondoka, harufu, usaha, au uzi ulioachia ni sababu ya kurudi. Ukiona kitu kinachungulia kutoka tumboni, kifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, mzuie asilambe, mwende. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14, na kola ya plastiki inabaki shingoni mpaka siku hiyo, hata akikuangalia kwa huruma.

Jike wetu alitibiwa "tumbo," sasa anakunywa maji mno.

Alikuwa kwenye joto lini? Kama ni mwezi mmoja au miwili iliyopita na hajatolewa kizazi, mwambie daktari neno hilo kabla ya yote. Usaha ndani ya mji wa mimba huja wakati huo: kiu kali, kukosa hamu ya kula, kutapika, tumbo kujaa, wakati mwingine uchafu unatoka nyuma na wakati mwingine mlango umefunga hautoki kitu, na huo uliofunga ni hatari zaidi. Antibayotiki humpa nafuu ya uongo ya siku chache. Anahitaji kupigwa ultrasaundi na, mara nyingi, kufanyiwa upasuaji.

Kiu pekee, kwa mbwa aliyepewa prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), ni kazi ya dawa. Usiikatishe ghafla, muulize daktari namna ya kuipunguza.

Anadondosha mate, hamezi, mdomo umebaki wazi. Nadhani ana mfupa kooni.

Usitie mkono mdomoni. Nasisitiza kwa sababu watu wameambukizwa hivi: mbwa mwenye kichaa cha mbwa wa aina ya kupooza hafukuzi watu, anakaa kimya, taya limeanguka, sauti imebadilika, anashindwa kumeza. Mfungie mahali peke yake, watoto wakae mbali, na umwite daktari au afisa mifugo aje. Hii ndiyo hali ambayo hupaswi kumbeba mwenyewe kwenda popote. Asiuawe kwa kupigwa kichwani pia, kwa kuwa kipimo cha kuthibitisha hufanywa kwenye ubongo.

Aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye mchubuko aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Asingoje mbwa afe ndipo aamini. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Naweza kutuma video badala ya kwenda?

Tuma, inasaidia sana kuamua. Tuma video ya sekunde 30 akipumua amelala, nyingine akitembea, picha ya fizi au jicho kwenye mwanga wa mchana, picha ya mkojo, matapishi na kinyesi, uzito wake, na majina ya dawa alizopewa na saa ya dozi ya mwisho. "Daktari, mbwa hayuko sawa" saa nne usiku haitupi pa kuanzia. Ila simu haisikilizi moyo wala haipimi damu. Daktari akisema "mlete," mlete.

Naogopa gharama ya kurudi, na naona haya kumsumbua daktari.

Uliza siku ya kwanza kama ada ya marudio imo ndani ya malipo, na sema wazi kiasi ulichonacho. Daktari akijua, anaweza kuchagua kipimo kimoja chenye maana kuliko vitatu. Ukiwa na fedha ya safari moja tu, muulize ni siku gani ingefaa zaidi. Na haya weka pembeni: mbwa aliyerudi siku ya pili na upungufu mdogo wa damu anatibiwa kwa gharama ndogo kuliko aliyerudi siku ya sita akihitaji kuongezewa damu, ambako kwanza umtafute mbwa mwingine wa kuitoa.

Nataka daktari mwingine amwone. Ni utovu wa adabu?

Hata kidogo. Ila usiende mikono mitupu. Mwombe wa kwanza akuandikie majina ya sindano, dozi na tarehe, maana wa pili asipojua kwamba diminazini ilishachomwa juzi anaweza kuirudia kwa nia njema. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa: Tanzania usajili uko chini ya Baraza la Veterinari kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, Kenya kuna Bodi ya Veterinari. Kwa kesi ngumu, vyuo vinavyofundisha madaktari wa mifugo vina kliniki zao: Sokoine (SUA) Morogoro, Kabete chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere kule Kampala.

Bajaji wanakataa kubeba mbwa.

Panga kabla hajazidiwa. Tafuta dereva mmoja mnayeelewana, uwe na namba yake, uwe na turubai au shuka la kutandika na kamba imara, na ulipe kidogo zaidi kwa usafi. Wengine wana sababu za dini, wasilazimishwe. Mbwa mwenye maumivu hung'ata hata mwenyewe, basi mfunge mdomo kwa kitambaa laini, isipokuwa anatapika au anapumua kwa shida.

Amepona kabisa. Lazima nirudi kwa tarehe niliyopewa?

Kwa magonjwa kadhaa, ndiyo, na uvimbe wa sehemu za siri unaoenezwa kwa kupandana ndio mfano unaoniuma zaidi, kwa sababu unatibika vizuri mno. Vinkristini huchomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita au zaidi. Baada ya sindano mbili damu inaacha kudondoka, uvimbe unasinyaa, na mwenye mbwa anaacha kuja. Uliobaki ndani unaota tena, na safari hii unaweza kuwa mgumu kwa dawa ileile. Kila wiki daktari pia anapima chembe nyeupe za damu kabla ya kuchoma, kwa kuwa dawa hii inazishusha.

Upele wa demodeksi, wadudu wadogo mno wa ngozini, nao: manyoya huota kabla wadudu hawajaisha. Matibabu yanasimama ngozi ikikwanguliwa na kukutwa safi mara mbili, mwezi mmoja kati ya kipimo na kipimo. Dawa ya minyoo hurudiwa baada ya wiki mbili tatu kwa watoto. Kwa yaliyobaki, piga simu siku ya miadi, eleza anavyoendelea, na daktari ndiye aseme kama safari inaweza kufutwa.